Kadi tatu zimekufa kwa umeme kukatika: je, nijenge Linux ndogo yangu mwenyewe?

Swali, kutoka Pongwe, Tanga: Shikamoo mwalimu. Nimefunga Raspberry Pi 3 (kompyuta ndogo ya bodi moja) kwenye kituo chetu cha kukusanyia maziwa. Inasoma joto la tangi la kupozea na kutunza kumbukumbu. Tangu Januari nimebadilisha memori kadi tatu. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine bodi haiwaki kabisa, na ikiwaka inachukua karibu dakika nzima. Nimeambiwa dawa ni kujenga Linux yangu, ndogo. Nina laptopu ya RAM GB 8 na intaneti ni ya bando. Nianzie wapi, na je, itanisaidia kweli?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nianze na mwisho wa swali lako, maana ndio unaoamua mengine yote. Itakusaidia, ila si kwa sababu itakuwa ndogo. Mfumo wa MB 30 unaoandika kwenye kadi kila sekunde utaiua kadi sawasawa na mfumo wa GB 4. Faida ya kujenga mwenyewe ni kwamba hakuna kitakachoandika ndani ya bodi ile bila wewe kukijua kwa jina. Mfumo uliopakua umetengenezewa mtu anayekaa mbele ya skrini na kuzima kompyuta kwa utaratibu. Ndani yake kuna kazi nyingi zinazoandika kimyakimya: logi, masasisho, akiba ya paketi. Kituoni kwenu hakuna wa kuzima kwa utaratibu. Umeme ukikatika, bodi imezimwa, basi. Kwa hiyo unachotafuta ni mfumo ambao kung'oa plagi ndiyo njia yake halali ya kuzimwa. Kila ninalokueleza hapa chini linatoka kwenye sentensi hiyo.

Lakini kabla hujapakua chochote, angalia umeme wa bodi yenyewe. Washa mfumo ulio nao sasa, andika `dmesg`, amri ya kuonyesha ujumbe wa mfumo, utafute maneno `Under-voltage detected!` au `Undervoltage detected!`. Ukiyaona, chaja au waya wako ni dhaifu. Bodi hiyo inataka volti 5 na chaja ya ampea 2.5, na huanza kulalamika volti zikishuka hadi karibu 4.63. Waya mwembamba wa kuchajia simu unatosha kuzishusha, na kadi inayoandika huku umeme unayumba huharibika hata kama hakuna aliyegusa swichi.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza. Umeme ukikatika, tangi linaacha kupoza na maziwa yanaanza kupanda kutoka nyuzijoto 4. Hapo ndipo mlipokihitaji hicho kipimo, na hapo ndipo chenyewe kimezimika. Mchana unawarudishia grafu nzuri yenye pengo pale penye habari. Tafuta betri ya volti 12, chaja yake, na kibadilishaji cha kushusha hadi volti 5, vile vinavyouzwa kwa mafundi wa sola. Bado tutajenga mfumo usioogopa kukatiwa, kwa sababu betri nayo huzeeka na siku moja itaisha saa nane usiku.

Sasa tuje kwenye kazi. Kitu cha kwanza kununua ni adapta ya USB kwenda seriali, ya volti 3.3. Nasisitiza 3.3. Miaka ya nyuma niliunganisha adapta ya volti 5 bila kuipima, na pini ya kupokea ya bodi ile haikusikia tena maisha yake yote. Kwenye Raspberry Pi 3, pini ya 6 ni ya ardhi, ya 8 inatuma na ya 10 inapokea. Unganisha kwa kupishanisha: inayotuma ya huku iende kwenye inayopokea ya kule. Waya mwekundu wa umeme wa adapta usiuguse. Kwenye laptopu fungua `picocom -b 115200 /dev/ttyUSB0`. Waya huo ndio macho yako. Mfumo unaoujenga mwenyewe utakataa kuwaka mara nyingi kabla haujakubali, na skrini nyeusi ya HDMI haikuambii kitu, ilhali waya wa seriali unakuonyesha mstari uleule ulipokwama.

Chombo cha kujengea, tumia Buildroot. Kipo na kingine kiitwacho Yocto, kizuri kwa kampuni yenye bodi za aina nyingi na timu ya kuzitunza, lakini kinataka makumi ya GB za diski na uvumilivu ambao mtu mmoja mwenye tangi moja la maziwa hana sababu ya kuutoa. Buildroot hutoka kila baada ya miezi mitatu, na matoleo yake huitwa kwa mwaka na mwezi. Chukua la mwezi wa pili, maana ndilo linalotunzwa kwa muda mrefu. Kazi yake ni hii: inajenga kompaila (programu inayogeuza msimbo kuwa programu) inayokaa kwenye laptopu yako lakini inatoa programu za kichakato cha ARM, kisha kwa kompaila hiyo inajenga kerneli, yaani kiini cha Linux, na programu zote ulizochagua, na mwisho inakukabidhi faili moja la kuandika kwenye kadi.

Mara ya kwanza usibadilishe kitu. Fungua folda ya Buildroot ukiwa mtumiaji wa kawaida, si `root` (msimamizi mwenye mamlaka yote), uandike:

```
make raspberrypi3_64_defconfig
make source
make
```

Amri ya pili ndiyo rafiki wa mtu wa bando. Inapakua kila kitu kitakachohitajika bila kujenga chochote. Kerneli peke yake inapita MB 100, na kompaila nayo ina uzito wake. Iache usiku bando likiwa rahisi, na asubuhi unaweza kujenga bila intaneti kabisa. Kabla ya hapo, elekeza folda ya vilivyopakuliwa nje ya Buildroot kwa kutangaza `BR2_DL_DIR`, kwa mfano `~/vipakuliwa`, ili siku ukiamua kufuta yote na kuanza upya usilipie MB zilezile mara ya pili. Na kama una mwenzako pale mjini Ngamiani anayefanya kazi kama hii, mbebee folda hiyo kwenye flashi. Kujenga kwenyewe kwa laptopu yako kunaweza kula saa moja au mbili, pengine zaidi. Acha nafasi ya GB 15 au 20, uifunge programu ya kuvinjari ili RAM ipumue.

Ikimaliza, utakuta `output/images/sdcard.img`. Andika `lsblk` kwanza, uone herufi ya kadi yako kwa uhakika, kisha:

```
sudo dd if=output/images/sdcard.img of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync
```

Weka herufi sahihi mahali pa X. Ukikosea herufi, utafuta diski ya laptopu yako, na `dd` haiulizi mara mbili.

Washa bodi ukitazama waya wa seriali. Ukiona mahali pa kuandika jina na ukaingia kama `root`, umeshajenga mfumo wa Linux. Uzunguke kidogo ndani yake. Utashangaa ulivyo mtupu. Karibu amri zote, `ls`, `cp`, `mount`, `vi`, ni faili moja tu: BusyBox. Bruce Perens aliianza mwaka 1995 ili mfumo wa kusimikia Debian uenee kwenye disketi moja. Ni kama yule mzee wa kijijini ambaye ni mwalimu wa madrasa, kinyozi na fundi baiskeli: mtu ni mmoja, anakuhudumia kwa jina ulilomwitia. Hata programu ya kwanza kabisa kuwaka, ile yenye namba 1, ni BusyBox hiyohiyo. Inasoma `/etc/inittab`, inapitia skripti za `/etc/init.d` kwa mpangilio wa namba zao, basi. Unaweza kuzisoma zote kwa muda wa kunywa kikombe cha chai, na nakuomba uzisome kweli. Hiyo ndiyo orodha kamili ya vinavyoanza kwenye bodi yako.

Inakupasa pia kujua bodi inavyoamka, la sivyo hutajua pa kuangalia ikigoma. Kwenye Raspberry Pi 3 kinachoamka kwanza si kichakato cha ARM bali kile cha michoro. Kinasoma `bootcode.bin` kutoka patisheni (sehemu ya kadi) ya FAT, kisha `start.elf`, kisha mipangilio ya `config.txt`. Kinapakia kerneli na mti wa vifaa kwenye RAM, ndipo kinaiamsha ARM. Mti wa vifaa ni faili dogo linaloieleza kerneli ni nini kimefungwa kwenye bodi na kiko wapi, kwa sababu bodi hizi haziwezi kujieleza zenyewe kama kompyuta ya mezani. Kama siku moja utahamia BeagleBone Black, njia ni nyingine: kichakato kinasoma faili liitwalo `MLO`, nalo linaita U-Boot (programu ya kuwashia), na U-Boot ndiyo inaleta kerneli.

Makosa mawili utakutana nayo, na yote mawili nimeyaona kwa karibu kila kijana niliyemfundisha. La kwanza, kerneli inaanza kisha kimya. Mara nyingi haikufa, inaongea mahali usipopasikiliza: kagua neno `console=` kwenye `cmdline.txt`, faili la maagizo ya kerneli, na `enable_uart=1` kwenye `config.txt`. La pili, kerneli inaongea vizuri halafu inaishia `Unable to mount root fs`. Hapo imeshindwa kufungua patisheni ya mfumo. Ama `root=` inaelekeza mahali pasipo sahihi, ama neno `rootwait` limesahaulika na kadi haijawa tayari, ama draiva ya mfumo wa mafaili imejengwa kama moduli, kipande kinachopakiwa baadaye. Hilo la tatu ndilo litakalokupata hatua inayofuata. Moduli hukaa ndani ya patisheni ileile ambayo kerneli inajaribu kuifungua, kwa hiyo ufunguo umefungiwa ndani ya sanduku lake. Kwenye `make linux-menuconfig`, weka nyota kwa draiva hiyo ili ijengwe ndani ya kerneli, usiweke herufi M.

Hatua yenyewe ni kuufanya mfumo usiandikike. Kwenye `make menuconfig`, sehemu ya mafaili ya mfumo, chagua squashfs. Huu ni mfumo wa mafaili uliobanwa ambao hauna kabisa njia ya kuandika. Hata `root` hawezi. Rekebisha faili la genimage la bodi, linalopanga patisheni za kadi, ili lichukue `rootfs.squashfs` badala ya `rootfs.ext4`, na kwenye `cmdline.txt` andika `rootfstype=squashfs ro rootwait`. Hakikisha aina ya ubanaji uliyochagua kerneli inaijua pia. Folda za muda kama `/tmp` na `/run` zitakaa kwenye RAM, na Buildroot imeshaelekeza logi huko. Ongeza patisheni ya tatu ya ext4 (mfumo wa mafaili unaoandikika), ifungue kama `/data`. Hiyo peke yake ndiyo itakayoandikwa.

Hapa wengi husimama wakiamini wamemaliza, nami nilisimama hapo hapo. Nilifunga mfumo wa namna hii kwenye kiwanda kimoja cha barafu, patisheni ya mfumo imefungwa kabisa, na baada ya miezi michache bodi ikakataa kuwaka. Patisheni ambayo haikuandikwa hata mara moja ilikuwa imeharibika. Sababu ni kwamba patisheni ni mistari tunayoichora sisi, kadi haiijui. Ndani ya kadi kuna kichakato kidogo kinachopanga chenyewe data ikae wapi. Flashi haifutiki herufi kwa herufi, hufutika kwa vitalu vikubwa. Ukiandika mstari mmoja kwenye `/data`, kadi inaweza kulazimika kunakili kitalu kizima kwenda mahali pengine, na mara kwa mara inahamisha hata data iliyotulia ili sehemu zote zichakae sawa. Umeme ukikatika katikati ya uhamisho huo, kinachopotea kinaweza kuwa cha jirani ambaye hukumgusa.

Kwa hiyo patisheni isiyoandikika ni ukuta mzuri, lakini ukuta wa kweli ni kuandika mara chache. Soma joto kila dakika, uweke kwenye faili la `/run`, yaani kwenye RAM. Kila dakika 15 limimine kwenye `/data` kwa mkupuo mmoja. Umetoka kwenye uandishi 1,440 kwa siku hadi 96. Joto likivuka kikomo, mimina papo hapo, kwa sababu hiyo ndiyo kumbukumbu ambayo wafugaji wataitaka maziwa yakikataliwa. Kwa mafaili ya mipangilio, andika faili jipya pembeni, lisukume kwa `sync`, ndipo ulibadilishe jina kwa `mv` juu ya lile la zamani. Kubadilisha jina kunatokea kote au hakutokei, hakuna nusu. Kwa faili la kumbukumbu la siku, programu ya kusoma izoee kuukuta mstari wa mwisho umekatika na iuache. Na kadi yenyewe nunua ile ya viwandani iliyoandikwa kwamba inahimili kukatika umeme. Bei yake ni kubwa, lakini umeshanunua tatu.

Kihisi chako, kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani ni DS18B20, kile cha waya tatu chenye kifuniko cha chuma. Washa `dtoverlay=w1-gpio` kwenye `config.txt`, weka kipinga cha kilo-ohm 4.7 kati ya waya wa data na volti 3.3, nacho kitatokea kwenye `/sys/bus/w1/devices/` kwa jina linaloanza na `28-`. Soma faili la `w1_slave`: mstari wa kwanza ukiishia na `YES` hesabu ya uhakiki imekubali, na mstari wa pili una joto kwa elfu za nyuzi, 4125 ikiwa na maana ya 4.125. Hadhari na 85000. Kihisi hutoa nyuzi 85 pale kinapowaka kabla hakijapima. Ukiiamini namba hiyo, utamwamsha mwenyekiti wa ushirika usiku kwa tangi linalochemka ambalo halichemki. Itupe, soma tena. Programu hii haihitaji Python. Skripti ya mistari arobaini ya shell inatosha, na kila mtu kituoni ataweza kuifungua na kuielewa. Iite kutoka `/etc/inittab` kwa neno `respawn`, ili ikifa, namba 1 iifufue.

Saa ni jambo dogo linaloharibu kila kitu. Raspberry Pi 3 haina saa yenye betri. Mfumo wako mpya ukiwaka bila intaneti utadhani ni tarehe 1 Januari 1970, na maziwa ya leo yataandikwa mwaka huo. Nunua moduli ya saa ya DS3231, iunganishe kwenye pini za I2C (njia ya waya mbili ya kuongea na vifaa vidogo), weka `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`, na skripti ya mapema kabisa iite `hwclock -s`. Saa za eneo chagua `Africa/Dar_es_Salaam`.

Halafu mlinzi. Bodi ina kifaa cha kuiwasha upya kama hakijaguswa kwa muda, na kwenye Pi muda huo hauzidi kama sekunde 15. BusyBox ina amri ya `watchdog` ya kukigusa, lakini usiitegemee hiyo: itaendelea kugusa kwa uaminifu hata programu yako ikiwa imeganda. Acha programu yako ndiyo iguse `/dev/watchdog` kila sekunde 5, na iache kugusa ikiona mzunguko wake umekwama dakika tatu. Ila tofautisha kukwama na waya wa kihisi kung'oka. Waya ukikatwa na panya, kuwasha upya hakutaunga, na bodi itazunguka hadi asubuhi bila kumwambia mtu. Hapo iandike kwamba kihisi hakipo na iendelee kuishi.

Ukiweka dropbear ya kuingilia kwa mtandao, kumbuka `/etc` haiandikiki, hivyo funguo zake zitazaliwa upya kila ikiwaka na laptopu yako italalamika kila mara. Zizalishe mara moja, uziweke `/data`. Neno la siri la `root` usiliache tupu.

Kila ulichobadilisha, mipangilio, skripti, faili la genimage, kiweke kwenye folda yako ya nje kwa njia ya `BR2_EXTERNAL`, chini ya git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko. Na ukiondoa paketi kwenye menyu, ujue Buildroot haiifuti kwenye kilichokwisha kujengwa mpaka `make clean`. Nimeona watu wakihesabu MB na kushangaa hazipungui. Kama mtaviuza vifaa hivi kwa vituo vingine huko Muheza au Korogwe, endesha `make legal-info`. Kerneli na BusyBox zina leseni ya GPL, na mnunuzi ana haki ya kupata msimbo wake.

Sanduku lifunge vizuri. Hewa ya pwani yetu na maji ya kuoshea tangi huotesha kutu ya kijani kwenye pini ndani ya miezi. Waya za kihisi zilehemu, usiziache kwenye vibanio.

Kabla hujalipeleka kituoni, lijaribu mezani. Ng'oa plagi mara 50, kwa nyakati tofauti: ikiwaka, ikisoma, na hasa wakati inamimina kwenye `/data`. Tazama waya wa seriali kila mara. Ukiona `EXT4-fs (mmcblk0p3): recovery complete`, usiogope, huo ni mfumo wa mafaili ukijitibu baada ya kukatwa, ndivyo inavyotakiwa. Ukianza kuona `mmc0` ikifuatiwa na `error -110`, kadi inachelewa kujibu: safisha mguso wake, jaribu chaja nyingine, na ikirudia, itoe kadi hiyo kabla haijakaa hata siku moja kwenye tangi la watu.